Mianzi na Nguo ya Husseini

Jumatano ile nilikwenda kumpa Élisée pole kwa msiba ambao haukuwepo. Ninaanzia hapo kwa sababu yote mengine yalitoka hapo, na kwa sababu Élisée mwenyewe hayupo tena kunisahihisha. Angekuwepo angesema sikulia. Nililia. Nililia njia nzima, kutoka sokoni mpaka mtaa wa Kataki alikokaa, kitenge nimejitanda kichwani, na watu walionijua walinipisha bila kuniuliza neno.

Habari ya msiba ilitoka kwa Papa, baba yangu. Siku moja kabla, mchana, alirudi kutoka dukani kwake, akaketi mkekani, Mama akamwekea wali na samaki, mugebuka wa kukaanga. Hakugusa.

"Zahoro, chakula kinapoa," Mama alisema.

"Kale kakijana ka ziwani kamefiwa."

Mkono wangu ulibaki ndani ya bakuli la kunawia. Nyumbani kwetu jina la Élisée halikutajwa. Alikuwa mvuvi, basi akawa "kale kakijana ka ziwani", na kila mtu alijua ni nani, na kila mtu alijitahidi asinitazame.

"Amefiwa na nani?" Mama aliuliza.

"Sikumuuliza. Muntu anakuja na macho mekundu vile, anataka nguo nyeupe, mupya, ya pamba, isiyoshonwa, vipande vitatu. Unamuuliza nini? Nilimupa. Pesa yake sikupokea."

Kwetu sisi hakuna haja ya kueleza. Nguo nyeupe isiyoshonwa, vipande vitatu, ni sanda. Mwenye duka hamhoji mfiwa, wala hapokei bei. Humchania kwa mkono, humkunjia, humpa kwa mikono miwili na kumwombea.

"Ulimupa ipi?" Mama aliuliza. "Jora la nyeupe liliisha wiki iliyopita."

Papa alinawa mikono kama mtu aliyekwisha kula.

"Nilimupa," alisema, akavaa viatu, akatoka.

Mama alibaki anautazama mlango. Mimi sikumjali Mama. Nilikuwa ninamfikiria baba yake Élisée, mzee aliyekuwa mgonjwa kule Baraka, ambaye nilikuwa simjui lakini barua zake nilizisoma zote, kwa sababu Élisée alikuwa akiniletea nizisome naye nyuma ya duka, bega lake likigusa langu, ingawa kusoma alijua vizuri kuliko mimi.

*

Miezi minne nyuma, Élisée alimtuma Mama Agnès, mama mwenye kiwanja alichopanga, aje kwetu kuuliza habari yangu kwa heshima. Papa alimpa kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie huyo mutoto sina ubaya naye," alimjibu. "Yeye ni Mukristo, mimi ni Mwislamu. Hayo ni mazungumzo. Watu wamezungumza mbele yetu na wakaelewana. Lakini ni muntu wa ziwa, na ziwa halizungumzi."

Mama Agnès aliinamisha kichwa. Kalemie nzima ilijua Papa anasema nini.

Husseini alikuwa kaka yangu wa pekee. Miaka mitatu kabla ya hapo aliondoka na boti ya wachuuzi kwenda Moba, na upepo ukaipindua. Wenzake walipatikana mmoja mmoja. Papa alinunua sanda, akaketi ufukweni siku nane akiwa na nguo ile mapajani. Husseini hakupatikana. Siku ya tisa Papa alirudi nyumbani, akaiweka nguo katika sanduku la bati chini ya meza ya duka, akatia kafuri, akafunga. Watu walipokuja kuketi matanga aliwarudisha. "Sitamulilia muntu ambaye sijamuona," alisema. Tangu siku ile hatukulia, angalau si mbele yake, na jina la Husseini nalo likawa moja ya majina yasiyotajwa kwetu.

Sasa Mjomba alikuwa amevuka kutoka Ujiji kuniposa kwa ajili ya mwanawe. Kijana mtulivu, fundi wa cherehani, asiyepanda boti ila kwa lazima. Mjomba alikuwa amefikia kwetu, anakula nasi, anaswali na Papa, na Papa alikuwa amemwambia: "Jibu utalipata Ijumaa, baada ya sala."

Ijumaa! Na Élisée wiki tatu nzima hakuwa amepita dukani. Nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba amechoka kungoja, kwamba mtu hawezi kumpenda milele msichana anayemtazama kupitia upenyo wa vitenge vinavyoning'inia. Halafu siku aliyokuja, alikuja kununua sanda. Sikujua kama nimlilie yeye au nijililie mwenyewe. Nadhani nililia vyote viwili, vikachanganyika.

*

Nyumba ya Élisée ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kiwanja cha Mama Agnès. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba haikuwa na mlango.

Niliinua pazia. Mlango ulikuwa ndani, umelazwa juu ya viti viwili. Nimeona milango ikilazwa hivyo katika nyumba za watu maskini, pale ambapo hakuna kitanda cha kuoshea maiti. Na juu ya mlango ule kulikuwa na kitu kirefu, chembamba, chembamba mno, na pale ambapo mtu angekuwa na bega, nyonga, goti, kilikuwa kimefungwa nguo nyeupe, imebana, inang'aa kama imelowa.

Nilipiga kelele.

"Nani? Nani huyo?" Élisée alitokea upande wa jikoni mbio, kifua wazi, kopo la bati mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Aliponiona alianza kucheka.

"Mwavita! Nilijua utakuja! Papa yako amekuambia?"

"Ameniambia." Niliketi pale pale kizingitini. "Pole, Élisée. Pole sana. Ni papa yako?"

"Papa yangu? Hapana! Ni papa *yako*!"

Niliteremsha kitenge kutoka kichwani.

"Papa yangu amefanya nini?"

"Amenikubali!" Alichuchumaa mbele yangu, kopo bado mkononi, akitoa harufu kali iliyonichoma puani. "Jana. Nilienda dukani, nikamwambia ninataka nguo nyeupe. Nilikuwa ninatetemeka, Mwavita, toka lile jibu la Mama Agnès sijasimama mbele yake. Nikatoa pesa. Akaisukuma. Akanipa nguo bule, kwa mikono miwili, mbele ya watu. Kwetu muzee mwenye binti akikataa pesa yako mbele ya watu, amekwisha kukuita mukwe. Na machozi yalimutoka. Mimi nimeyaona!"

Nilimtazama. Nilitazama kile kitu juu ya mlango. Nilimtazama tena.

"Élisée. Nani amekufa?"

"Kufa? Kwani nani amekufa?"

"Ndiyo ninakuuliza!"

"Mi sijui! Wewe njo umekuja na kilio!"

Tulikaa tukitazamana kama watu wawili waliokutana njiani, kila mmoja akimuuliza mwenzake njia. Kisha akaona macho yangu yanavyorudi kila mara mlangoni, akasimama, akanishika mkono, akaniinua.

"Njoo uone. Usiogope. Ni kinga."

Kwetu kinga ni baiskeli. Niliinama. Kile nilichokidhania maiti kilikuwa mianzi, vipande vinene na vyembamba, rangi ya asali iliyoungua, imepangwa juu ya mlango kwa umbo ninalolijua: pembetatu mbili zilizoegemeana. Misumari ilikuwa imepigiliwa kwenye mbao pande zote ili mianzi isisogee. Ndiyo sababu aling'oa mlango. Katika nyumba yake hakukuwa na ubao mwingine ulionyooka.

"Hii njo kadri," alisema, akipitisha kidole juu ya mwanzi kama mtu anayempapasa paka. "Mifupa ya kinga. Magurudumu ninayo, cheni ninayo, gido ya kushikia ninayo. Kadri ya chuma ilivunjika shingo, na Kalemie yote hakuna nyingine. Nikasema, kama mwanzi unabeba nyumba, utashindwa kunibeba mimi?"

Alinieleza yote, haraka, kama anayeogopa nitaondoka kabla hajamaliza. Mianzi aliikata kando ya mto Lukuga. Miezi miwili aliiweka juu ya jiko la Mama Agnès ipigwe na moshi, isiliwe na wadudu. Kisha alitoboa vifundo vyake ndani kwa chuma cha moto, kwa sababu mwanzi uliozibwa ukiuchoma unapasuka kama bunduki, na mmoja ulikuwa umempasukia. Alinionyesha kovu mkononi. Aliichoma juu ya makaa mpaka ikatoka jasho. Vile vipande vya chuma vya kushikia magurudumu na pedali alivikata kwenye kadri ya zamani, akavipachika. Kilichobaki ni kufunga viungo. Basile, fundi anayeziba maboti bandarini, alimpa kopo la gundi yake na kumwambia: tafuta nguo ya pamba, mpya, nyeupe, isiyo na rangi wala mshono, kwa sababu rangi na mshono vinaikataa gundi. Uichane. Uloweshe. Ufunge. Ikikauka itakuwa jiwe.

"Na vipande vitatu?"

"Kimoja cha mbele, kimoja cha pedali, kimoja cha nyuma."

"Na macho yako?"

"Moshi. Na gundi hii. Inauma kama ndoa ya pili." Alicheka. "Nimelia wiki tatu nzima, Mwavita, na sina huzuni hata moja."

Hapo nikaelewa, na nilipoelewa nilianza kucheka na kulia pamoja, mpaka nikashikilia ukuta.

"Papa alifikiri umefiwa! Alikupa sanda, Élisée. Ile ni sanda! Kwetu sanda haiuzwi kwa muntu mwenye msiba."

Kicheko chake kilizimika polepole, kama taa inayoishiwa mafuta.

"Aliniambia, Mungu akupe subira."

"Hiyo ni pole ya kifo."

"Nikamjibu, Papa, nitasubiri mpaka siku utakayotaka mwenyewe." Alijishika kichwa. "Akanishika bega."

"Alidhani unajipa moyo."

"Basi hajanikubali."

Alisimama akiitazama kadri yake, mikono imening'inia, na mimi niliona wiki tatu za kutomwona ziko pale juu ya mlango, mwanzi kwa mwanzi. Hakuwa amechoka kungoja. Nilitaka kumgusa. Badala yake nilichukua kitambaa kilichobaki, kirefu kama mkono wangu, nikijifanya ninakikunja.

Kilinukia kafuri.

Nilikileta puani tena. Kafuri, na kutu ya bati. Katika duka la Papa kuna sanduku moja tu lenye harufu hiyo.

"Ulipoingia dukani, hii nguo aliitoa wapi? Rafuni?"

"Hapana. Alitazama rafuni kwanza, muda mrefu. Kisha akainama chini ya meza. Alikawia huko. Nilifikiri amenisahau."

"Élisée, nguo hii ni ya Husseini."

Alijua Husseini ni nani. Kila mtu wa ziwa alijua.

"Usiniambie."

"Jora liliisha. Hakutaka kukurudisha mikono mitupu. Alikupa ya Husseini."

Aliketi chini. Kopo lilikuwa bado mkononi mwake, kijiti cha kukorogea kimesimama ndani.

"Na mimi nimeichana," alisema.

"Ungeuliza!"

"Ningeuliza nini? Nilienda dukani kununua nguo!"

"Muzee anakupa kitu bule, anatoka machozi, na wewe haujiulizi?"

"Nilijiuliza! Nikajijibu!" Sauti yake ilipasuka. "Unajua nilitaka kiasi gani liwe jibu hilo? Muntu mwenye kiu akiona maji hajiulizi ni ya nani."

"Rudisha."

"Nirudishe namna gani? Imekuwa jiwe, Mwavita. Gonga uone."

"Basi vunja!"

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alinitazama tu, na katika macho yale mekundu safari hii kulikuwa na maji ya kweli. Nilitaka kuomba radhi, na nilitaka kukimbia, na nilitaka aniambie nini cha kutaka. Ndipo tukasikia kikohozi nje ya pazia, na mtu anavua viatu.

"Hodi. Wenye msiba."

Alikuwa Papa.

*

Aliingia akiwa na kanzu ya Ijumaa, kofia, mwavuli mweusi umekunjwa kwapani. Aliniona mimi kwanza.

"Hata wewe umekuja," alisema. "Vizuri. Msibani muntu hafukuzwi. Mama yako yuko nyuma na chungu, anatembea polepole."

Kisha akamgeukia Élisée, akamshika bega kwa mara ya pili.

"Mwanangu. Jana sikukuuliza. Ni nani?"

Élisée aliinamisha kichwa. Papa alidhani ni majonzi; akamwacha, akasogea kwenye mlango uliolazwa, akainua viganja kuomba dua. Viganja vikabaki hewani. Nilimwona anatazama kutoka upande wa kichwa hadi upande wa miguu, na kurudi tena, akitafuta mtu.

"Maiti iko wapi?"

"Papa," Élisée alisema, na akapiga magoti. "Hakuna maiti."

Alimwambia yote. Hakujitetea, hakupamba. Alisema gundi, macho, Basile, alichokifikiria yeye, na jinsi alivyojua sasa hivi tu ni nguo ya nani. Papa alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, Papa alinyoosha kidole kimoja, akagonga kiungo cha mbele. Kililia kama chungu kizuri.

"Vipande vyote?"

"Kimebaki hiki tu." Nilimpa kitambaa. Papa alikinusa, akafumba macho, akakaa hivyo.

Nilikuwa ninamngojea anikamate mkono, anitoe, aniambie Ijumaa haina haja ya kungojwa. Nusu yangu ilikuwa inamchukia Élisée kwa ajili ya Husseini. Nusu nyingine ilikuwa tayari kupiga magoti pembeni yake. Mpaka leo sijui ni nusu gani iliyokuwa mimi.

Kopo lilianza kutoa moshi mwembamba.

"Ni nini hiyo inawaka?" Papa aliuliza, akifumbua macho.

"Gundi, Papa. Ikishachanganywa inapata moto yenyewe. Njo inakauka. Haingoji." Élisée aliliweka chini. "Acha, haidhuru."

"Na kiungo hiki hapa kisichofungwa?"

"Njo cha mwisho. Cha gurudumu la nyuma."

"Bila hiki itasimama?"

"Haiwezi."

"Ulitaka kwenda nayo wapi?"

"Kabimba. Mikate na sabuni kwa watu wa kiwanda cha simenti, asubuhi kwenda, jioni kurudi." Élisée alimeza mate. "Ni barabara, Papa. Si maji. Nyavu niliziuza, na taa ya kuvulia, tangu mwezi wa tatu. Sijagusa ziwa tena ila kuoga."

Papa alimgeukia.

"Uliuza nyavu?"

"Ulisema ziwa halizungumzi."

Papa alitazama kile kitambaa. Kisha akakunja mikono ya kanzu, mmoja, na wa pili, mpaka juu ya viwiko, kama nilivyomwona akifanya anapoitwa kuosha wafu wa watu wengine. Alikichovya ndani ya kopo.

"Papa, itakushika vidole," Élisée alisema. "Niachie nifunge."

"Funga nione."

Élisée alishika ncha, akazungusha mara moja, mara mbili.

"Si hivyo! Unaacha mukunjo. Nguo hii haifungwi na mukunjo." Papa alimpiga kikofi kidogo mkononi, kama mtoto. "Toka. Upande wa kushoto kwanza. Kisha wa kulia juu yake. Unavuta, unalaza, unafuata kwa kiganja. Hivi. Na hivi. Hakuna hewa ndani. Umeona?"

"Nimeona, Papa."

Vidole vya Papa vilikwenda bila haraka na bila kukawia. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anasoma dua ya maiti, ile ambayo Husseini hakusomewa miaka mitatu. Alifunga mpaka ncha, akailaza, akafunika kiungo chote kwa viganja viwili.

"Sasa?"

"Sasa inashikwa mpaka iwe ngumu. Ukiachia mapema inafunguka."

"Sitaachia," Papa alisema.

Pazia lilisogea. Mama aliingia na chungu kichwani, anatweta, kitenge cheusi kiunoni.

"Poleni, watoto, poleni. Njia ni ndefu na huyu muzee hangojei." Akasita. Alimwona Élisée mzima, mimi mzima, Papa ameinama juu ya mlango mikono imenata. "Sasa... nani amekufa?"

Harufu ya gundi ilikuwa kali, lakini chini yake kafuri ilikuwepo bado, na Mama alikuwa na pua. Nilimwona anaitafuta, anaipata. Alitazama ile nguo nyeupe kwenye viungo, kiungo kwa kiungo, mpaka kile kilichokuwa mikononi mwa mumewe.

"Zahoro," alisema, taratibu sana. "Nani amekufa?"

Papa hakuinua kichwa.

"Husseini," alisema. "Husseini wetu, Mama Mwavita. Amekufa."

Mama aliteremsha chungu. Alikiweka chini kwa uangalifu, hata tone halikumwagika, akaondoa mikono, na ndipo ikatoka ile sauti. Sitaiandika. Ilikuwa imekaa miaka mitatu. Mama Agnès aliisikia kutoka jikoni kwake, akaanza kulia naye bila kujua analilia nini, na majirani wakaanza kuja.

Papa hakuweza kumwendea. Mikono yake ilikuwa kwenye kiungo, gundi ilikuwa bado laini, na alikuwa amesema hataachia. Machozi yalimteremka puani na kuangukia mwanzi, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mama alikuwa anayumba. Papa aligeuza uso kwa Élisée.

"Mukwe," alisema. "Mupe mama yako kiti."

Élisée aliruka, akazunguka chumba. Hakukuwa na kiti. Viti vyote viwili vilikuwa chini ya mlango, vimebeba kadri, na kadri imeshikwa na Papa. Alisimama katikati ya chumba kama mwendawazimu. Kisha akachukua shati lake lililokuwa limening'inia ukutani, lile moja la Jumapili, akalitandika sakafuni, akamshika Mama kwa viwiko vyote viwili, akamketisha juu yake, na akabaki amechuchumaa pale, hamwachi. Juu ya bega la Mama alinitazama. Macho yake yalikuwa yananiuliza: umesikia? Mimi yangu yalikuwa yanamuuliza yeye.

Tulikula wali wa Mama mikononi, sote, pamoja na majirani. Yalikuwa matanga ya Husseini.

Ijumaa, baada ya sala, Mjomba alirudi Ujiji peke yake, na Jumatatu Élisée alipita mbele ya duka juu ya mianzi yake, mikate nyuma, bila kukanyaga pedali ila kwa madaha.

Kadri ile iko hapa, ukutani juu ya kitanda. Viungo vingine Élisée alivirudia kuvifunga, mara mbili, mara tatu, kadiri miaka ilivyokwenda. Kile cha Papa hakijafunguliwa. Nyakati za mvua, kabla hajaugua, nilikuwa nikimuuliza Élisée: unadhani Papa alijisikia alipokuita mukwe? Au ulimi uliteleza tu, kwa kuwa mikono haikuwa huru? Papa mwenyewe hatukuthubutu kumuuliza mpaka akafariki. Na Élisée kila mara alinijibu vile vile, akigonga kiungo cha nyuma kwa ukucha:

"Hata kama uliteleza, Mama watoto. Gundi ilikuwa imekwisha kukauka."